Mlango wa C7

Niliung'oa mimi, sikatai.
Saa kumi na mbili kasorobo, mvua ya Aprili ikitwanga mabati,
ujumbe wa mwenye ploti bado una joto simuni:
Toa mlango wa C7. Wataondoka wenyewe.
Bisibisi, nyundo. Skrubu sita
nikazitia ndani ya mkebe wa siagi.
Kerubo alisimama na kitana nyweleni,
hakulia, hakunitukana.
Alisema tu, "Shika vizuri, una ufa huku chini."

Mlango ukalala kwangu, chini ya ngazi,
umeegemea ukuta, umenila nusu ya kitanda.
Usiku wa kwanza niliwasha tochi nikaona mistari
ya kalamu ya buluu, mmoja juu ya mwingine,
na kando yake mwandiko wa mama:
Moraa, miaka mitatu. Moraa, minne.
Moraa, baada ya surua.
Nikaugeuza uso ukutani.
Haikusaidia. Upande wa pili ulikuwa na C7
kwa rangi nyekundu, mwandiko wangu.

Huko juu lilining'inia shuka.
Paka aliingia, upepo uliingia,
macho ya kila apandaye na ndoo yaliingia.
Cherehani ilifungwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda,
na watu wazima wawili wakalala kwa zamu.

Siku ya nne akavaa sketi ya kanisani,
akatia mkobani bawaba moja, ile niliyoiangusha,
akatoka Pipeline, akapita Viwandani kwa miguu hadi mjini,
akaketi kwenye benchi la baraza la kodi, orofa ya tatu,
kati ya mtu aliyekatiwa stima na mwingine aliyeezuliwa paa.
Karani akamwomba ushahidi.
Akaiweka bawaba mezani. Ikalia to!
"Mlango wenyewe," akasema, "haukuenea mkobani."
Sikuwapo. Alinisimulia mwenyewe, amenikazia macho.

Amri ikaja Ijumaa, na mhuri wa zambarau.
Askari wa kaunti akaibandika getini,
nami nisiyesoma sana nikaisoma yote,
kidole chini ya kila mstari:
kwamba deni ni deni, na litalipwa kidogo kidogo;
kwamba deni halina ruhusa ya kushika nyundo;
kwamba mpangaji hupewa ilani, kwa maandishi, na siku zake zihesabiwe;
kwamba afungaye maji, ang'oaye bati,
ataitwa naye akalie benchi lilelile.
Mwenye ploti akapiga simu. Sauti yake
ilikuwa ya mtu anayetafuta miwani gizani.
"Urudishe," akasema. "Lakini usiurudishe vizuri."

Skrubu tano. Ya sita ilipotea.
Na kwa haraka, au kwa aibu, ndani nikaifanya nje:
mistari ya Moraa ikatazama ukumbi,
C7 ya rangi nyekundu ikabaki chumbani, inaangalia kitanda.
Nikataka kuutoa tena niugeuze.
Kerubo akaweka kiganja juu ya mbao.
"Hautolewi tena mlango huu. Hata kwa wema."

Basi sasa watoto wa orofa nzima wanapimiwa pale:
Mutheu wa C2, pacha wa C9,
na yule wa C4 aliyevaa kofia ili ampite dadake.
Deni limebaki elfu nne na mia mbili.
Mwenye ploti akipita
hutembea upande wa pili wa ukumbi,
na ukumbi wenyewe ni upana wa mtu mmoja.

Nami? Jumatatu nilipanda ile orofa ya tatu.
Nikasema nimekuja kuuliza tu, kwa niaba ya rafiki.
Rafiki alalaye chini ya ngazi, asiye na mkataba wala risiti,
ang'oaye milango akiambiwa ng'oa,
na siku atakayokataa, sijui.
Karani akaweka kalamu chini.
"Huyo rafiki, ana mlango?"
Nikafikiri.
"Ana pazia," nikasema.
Akavuta fomu, akaniuliza jina la rafiki,
herufi moja moja.